Hodi kwenye Mlango wa Buluu

Harufu ya mrehani hunisimamisha hadi leo. Juzi niliukuta mche wake kwenye duka moja la Tottenham, nikasahau kabisa nilichofuata.

Mama, mtu wa Mombasa, alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Likizo za shule alikwenda nami kwa mmoja wao, Bibi Eleni, ajuza wa kisiwa cha Kupro aliyeotesha mrehani kwenye kopo la zeituni dirishani. Mji wake ulikuwa kule milimani, naye aliujenga upya mezani kila tulipokwenda. Mkate ndio mlima, vikombe ndizo nyumba, zimepandana hata paa la huyu likawa ua wa yule. Bakuli la sukari ni chemchemi. Juu walikaa Wakristo, chini Waislamu, wote wakinywa maji yaleyale. Kisha vita vikaja, watu wa chini wakahama asubuhi moja, na mvua zikala mapaa yao.

Mimi, kwa malezi ya Mama, singeweza kuingia nyumba ya mtu hivihivi, hata ikiwa kikombe. Nilipiga hodi. Bibi alilipenda neno hilo, akajifunza na jibu lake. "Karibu!" alinguruma kama mwoka mikate wao, halafu akaitikia kwa pua kama padri, tukacheka hadi kahawa ikamwagika.

Kikombe cha chini kabisa, kilichovunjika mkono, kilikuwa kwa Emine, shoga yake wa utotoni, mwenye mlango wa buluu. Hapo Bibi hakujibu. Mama alinifundisha: hodi tatu, usipojibiwa, rudi. Basi tulirudi. Lakini niliogopa jamani, maana Bibi alitega sikio kwelikweli, hata nami nikahisi kuna mtu anapumua nyuma ya kile kikombe. Nilitamani mno mlango ule ufunguke.

Siku moja Mama alituonea huruma, akaitika kutoka jikoni: "Karibuuu! Karibu ndani!"

Bibi akageuka, uso umempauka. "Usijibu," alimwambia kwa Kiingereza chake kizito. "Hapo pana mwenyewe."

"Nisamehe, Bibi," Mama akasema, kitambaa cha vyombo mkononi. Tulipopanda basi kurudi, nikamwona yule ajuza hana shukrani.

Mama amefariki mwaka huu. Jumamosi nilikwenda na binti yangu kutoa vitu kwenye fleti ya Mama. Ufunguo ninao mkononi, lakini nilijikuta napiga hodi. Ya kwanza. Ya pili. Ndipo nikamwelewa Bibi Eleni. Alijua fika kwamba hajibiwi, na kwamba akiitika mwingine hodi zimekwisha. Aliogopa tu siku ambayo mlango ule hautapigiwa hodi na mtu yeyote.

Nikapiga ya tatu. Binti yangu akanivuta mkono, machozi yakimlengalenga.

"Mummy, niseme mimi karibu?"

"Usijibu, mwanangu. Hapo pana mwenyewe."

Tukarudi. Vitu tukaviacha hadi kesho yake.