Miguu ya Hajati na Dawa ya Presha

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha usalama wa dawa, hapa Kampala, Mkuu wa Kitengo alinionyesha kiti na kompyuta, akasema: "Mfamasia, hapa tunamsikiliza kila mlalamikaji, wala hatumwamini yeyote mpaka tuhesabu."

"Basi, Mkuu, nimefika nyumbani," nikamjibu. Nilikuwa nimetoka kugawa dawa katika zahanati ya Luzira, ambako uvumi ulinichosha kuliko wagonjwa.

Niwaeleze vijana. Dawa hujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kuuzwa. Madhara mengine hujulikana baada ya umma kuimeza. Ndiyo maana tulikusanya taarifa za hospitali, majina yakiwa yameondolewa, tukitafuta ishara, yaani tatizo linalojirudia kupita kawaida kwa watumiaji wa dawa fulani.

Asubuhi moja Hajati mwenye duka la vitambaa Old Kampala alituingilia na majirani zake. Alivua viatu, akaonyesha miguu iliyovimba.

"Ni dawa yenu ya presha. Nimeiacha, na mtaa mzima nimeuambia uiache."

Nilishtuka. Presha isiyotibiwa hupasua mshipa wa ubongo bila kubisha hodi.

"Hajati, wanaoimeza bila kuvimba ni wangapi?"

"Ssebo, bwana wangu, wasiovimba waje kwako kufanya nini? Kukuonyesha viatu vipya?"

Majirani wakacheka. Mkuu naye akacheka, jambo nililoliona si la kiofisi. "Amekujibu, Mfamasia. Nenda ukawatafute."

Niliwatafuta katika taarifa za kliniki, nikawalinganisha na wenye presha wanaotumia dawa nyingine. Nilitarajia kumkanusha. Kumbe uvimbe ulikuwa wa kweli, nao uliwaandama hasa waliopewa dozi kubwa. Wa dozi ndogo wengi walikuwa salama.

Nilimfuata dukani mwenyewe. Nilimweleza habari ya dozi, naye akanisikiliza huku akimpimia mteja kitambaa.

"Kwa hiyo sikusema uongo?"

"Hukusema uongo, Hajati. Hukumaliza hesabu."

Alikwenda kliniki siku ileile. Daktari akampunguzia dozi. Miguu ikanywea, presha ikatulia. Majirani aliwarudisha yeye mwenyewe kwa daktari, mmoja mmoja, kwa makelele yaleyale.

Sasa nimestaafu, naishi Bugolobi, na uvumi bado siuamini. Siku ya kuniaga, Hajati alisimama bila kuitwa, akamwambia Mkuu: "Tuleteeni mwingine mkali kama huyu. Mpole angeniamini, nami ningekuwa kaburini."

Kauli hiyo haina ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, nakiri kwamba huwasimulia wajukuu kila wanaponitembelea.