Busta kwenye Maharage ya Mama

Mimi ni mtu wa haraka, na Tunduma imenizidishia. Nahangaikia karatasi za malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kule ukizubaa kidogo tu dereva keshatafuta mtu mwingine. Hata nikienda kijijini Ruanda kumsalimia mama, nakunywa chai nimesimama.

Msimu ule nilikuta maharage yake yamedumaa, majani ya manjano. Nikaingiwa na wasiwasi. Yalikuwa ya mbegu aliyoachiwa na bibi, na nyingine zote zilikuwa zimemwozea kwa mvua ya mwaka uliotangulia. Kile kishamba nyuma ya kahawa kisipozaa, mbegu ya bibi imekwisha.

Nikanunua busta, ile mbolea ya maji inayopuliziwa kwenye majani. Bomba la kupulizia tuliazima kwa jirani, maana majirani wote pale wanatumia hilo hilo moja. Alikuwa ametoka kupulizia dawa ya magugu kwenye mahindi yake.

"Baba, lioshe kwa sabuni," mama akaniambia, "kisha maji yalale humo mpaka kesho. Dawa hiyo mahindi inayaacha, maharage inayaua."

"Nitasuuza, mama. Kesho asubuhi nina gari mpakani."

Nikasuuza mara moja, ndoo moja ya maji, nikachanganya busta na kuanza kupuliza mbiombio. Bomba likaisha ikiwa imebaki mistari miwili. Sikutaka kuchanganya tena, nikaiacha hivyo hivyo, nikaondoka.

Siku ya tatu nikapiga simu. Mama akasema majani yanajikunja. Nikamwambia ni jua. Baada ya saa moja nikapiga tena, na jioni tena, kana kwamba yangekunjuka kwa kuulizwa. Kazini nikakosea karatasi za gari zima. Siku ya tano nikaacha kila kitu nikaenda.

Mashina yalikuwa yamejisokota, majani yamesinyaa na kuwa membamba. Nikataka kumwagilia, nikataka kung'oa, nikataka kwenda kugombana na jirani. Mama akaniambia nikae. Sikuweza. Nikazunguka shamba nikimlaumu jirani, nikamlaumu na aliyeniuzia busta, na mama akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Niliona aibu, na aibu yenyewe ikanizidishia hasira.

Ile mistari miwili niliyoiacha ndiyo iliyozaa. Wakati wa mavuno nilikwenda na mke wangu. Mama alipukuchua mwenyewe, akachagua punje moja moja, zikajaa kikombe cha chai. Nikanyoosha mkono nizipokee, nikamwambia safari hii nitazitafutia shamba zuri.

Akanipita, akamwekea mke wangu kikombe mikononi.

"Utazipanda wewe, mwanangu," akamwambia. "Huyu mwache na magari yake."