Kahawa ya Mwenye Fremu

Mwenye fremu za maduka pale Miembeni hapandishi sauti. Huongea polepole kama anayembembeleza mtoto alale, na mpangaji mpya humkaribisha kwanza kwa kahawa ya kutafuna, ile tunayowapa wageni huku kwetu. Huichagua punje kwa punje kwa vidole vyenye pete, akakuwekea kiganjani, kisha husubiri utafune ndipo afungue mkataba. Ukishatafuna umekuwa mgeni wake, na unaona aibu kumhoji. Siku niliyokwenda kwake kupanga fremu ya saluni, alisoma haraka gharama zinazoongezwa juu ya kodi: maji, mlinzi, choo, taka. Mstari wa mwisho akaupitishia kiganja kana kwamba anafuta vumbi.

“Na mengineyo. Madogo madogo tu, mwanangu. Weka sahihi.”

Punje zilikuwa bado mdomoni. Nikazitemea kwenye leso.

“Samahani, mzee. Hayo mengineyo ni yapi, na nani anayapanga?”

Hakukasirika. Alitabasamu, akaanza kuizungusha pete taratibu. Ila kwenye fremu ya jirani, cherehani iliyokuwa ikilia tangu nifike ikanyamaza ghafla.