Mawese kwenye Beringi

Mume wangu alikuwa dereva wa trekta ya ushirika wa pamba, pale Rumonge, kando ya ziwa, katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu yeye mwenyewe angelitaja kwanza. Wengine wakiulizwa wao ni nani walitaja baba zao na mitaa yao, yeye alisema, "Mimi ni wa trekta." Udereva alijifunzia kwenye shamba la Mbelgiji mmoja upande wa Muhuta, na Mbelgiji alipofunga mizigo yake na kuondoka, ushirika ukarithi trekta pamoja na dereva.

Trekta ilikuwa kuukuu. Mpya ilikuwa plau, ya sahani tatu, nyekundu, iliyonunuliwa kwa wakala wa Bujumbura pamoja na kijitabu cha garanti. Kijitabu kiliandikwa kwa Kifaransa cha watu wasiotaka kueleweka. Mwenyekiti wa ushirika alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akakifungia kabatini, na kila alipopata mgeni alikitoa amwonyeshe. Alisema kwamba mwaka mzima chochote kikivunjika, wakala analeta kingine. Hakuna aliyekisoma mpaka mwisho, na mwenyekiti hakukisoma hata mwanzo.

Plau haikumaliza miezi mitatu. Beringi ya sahani ya nyuma ilisagika, sahani ikalala ubavu, ikachora mtaro uliopinda katikati ya shamba. Mvua zilikuwa zimeanza na watu walikuwa wakingoja zamu zao za kulimiwa. Mume wangu alirudi nyumbani kwa miguu, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo, akakaa kizingitini bila kuvua viatu.

Mwenyekiti alikuja siku hiyo hiyo kumwambia mambo yalivyo. Wakala akikubali kwamba plau ilikuja na ubovu wake, basi, italetwa beringi nyingine na maisha yataendelea. Wakala akisema kosa ni la dereva, dereva atashuka kwenye trekta na hatapanda tena. Alilisema hilo kwa upole mwingi, kama mtu anayekueleza bei ya sukari. Mume wangu akajibu kwamba ameelewa. Tangu hapo sikuona tena plau wala beringi katika jambo lile. Nilimwona yeye tu, na kiti kile cha chuma kinachotaka kutolewa chini yake.

Barua zikaanza. Wakala aliomba namba ya plau, akapelekewa. Akaomba namba ya plau. Akapelekewa tena, safari hii na salamu za heshima zaidi. Barua ya tatu ikaagiza kwamba mtu yeyote asiiguse beringi iliyovunjika mpaka mkaguzi wao aje aione kwa macho yake. Mafundi wawili wa sokoni walisema wangeitengeneza kabla ya adhuhuri. Waliambiwa wakae mbali. Plau ikabaki shambani inanyeshewa, majani yakaota kati ya sahani zake, na kila Jumamosi, siku ya posho, mume wangu alikwenda kuzifuta na kuzipaka mawese zisishike kutu. Alifanya hivyo tangu siku ilipofika, kama alivyofanya kwa plau ya Mbelgiji. Mawese kwetu hayakosekani, na chuma kilichopakwa mawese hung'aa. Kwenye beringi, kabla haijavunjika, alitia grisi ya kopo ya wakala mwenyewe, kwa kijiti, na kopo lenyewe alililinda kuliko alivyolinda sukari yetu.

Hatimaye mkaguzi akatangazwa. Mwenyekiti akaamua kwamba mgeni atakula kwetu.

"Mama, huyu mugeni akishiba vizuri, hata maneno yake itakuwa muzuri," aliniambia. "Upike mikeke, usibane mafuta."

Sikubisha. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na mtu anayeshika riziki yako huulizwa baada ya kushiba sana. Nilinunua samaki hao asubuhi kwa wachuuzi waliotoka Magara, nikawapika kwa mawese mapya, mekundu, mazito, yale yasiyotoka kwenye vidole bila sabuni. Najilaumu kwa mengi, lakini mapishi yale sijilaumu. Yalikuwa mazuri.

Mkaguzi hakuwa Mzungu, kama tulivyotarajia. Alikuwa kijana wetu, wa Bujumbura, mwenye tai na kalamu tatu mfukoni, aliyekaa miezi kadhaa Ubelgiji na kurudi na koo linalokwama kwenye herufi r. Aliingia bila kuvua viatu. Aliuliza kama tuna uma. Tulikuwa na uma mmoja wenye meno mawili. Aliutazama, akamtazama samaki, akaamua kuusahau Ubelgiji. Alikula kwa mkono wa kulia mpaka kifundoni. Mwenyekiti na mume wangu walikula naye polepole, kwa adabu, wakimsukumia minofu. Nilipoleta maji na sabuni, wao walinawa kwa sabuni. Yeye alitazama saa yake, akachovya ncha za vidole kama paka, akajifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa cha rangi ya machungwa.

Wakati anajifuta ndipo alipouliza, "Hii mashini munaitunza namuna gani?"

Mume wangu alifurahi kuulizwa. Ni swali ambalo alilingoja maisha yake yote. "Vizuri sana, musiyo. Kila siku ya posho ninapakaa sahani mawese. Haiwezi kuingia kutu."

"Mawese?"

"Mawese, musiyo. Ya hapa hapa."

Kijana alitoa kalamu mojawapo. Nilikuwa mlangoni na birika, na niliona namna alivyoacha kusikiliza. Mwanzo hakuwa na la kutafuta kwenye plau ile. Sasa alikuwa nalo.

Wakatoka kwenda shambani, hatua mia mbili hivi kutoka kwetu. Niliwafuata. Hakuna aliyeniita, lakini hakuna aliyenizuia, na samaki walikuwa wangu. Nilisimama hatua tatu kutoka kwenye plau, karibu kuliko mwenyekiti, ambaye aliogopa kuchafua suruali.

Mume wangu alifungua kifuniko cha beringi. Chembe za chuma zilikuwa zimechanganyika na grisi, vipira vimevunjika vipande vipande. Hata mimi niliona kwamba chuma kile kilikuwa duni. Mkaguzi hakuvitazama vile vipande. Alichomeka kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndani ya grisi, akakileta puani, akafumba macho.

"Iko mawese humu," alisema.

"Hapana, musiyo. Humu ni grisi tupu, ile ya kopo yenu."

"Mimi niko na pua." Akaandika.

Hapo ndipo mume wangu naye alipochota grisi kidogo, akainusa. Nilimwona. Aliinusa mara mbili. Kisha akaniangalia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepata jibu. Nikangoja aseme. Mwenyekiti naye alikuwa akimtazama. Akaipangusa ile grisi kwenye kaptura yake, akainamia kifuniko.

Nikasema mimi. "Musiyo, samahani. Huu mukono ulikuwa mu samaki sasa hivi. Chukua hiyo grisi na mukono wa kushoto, halafu unuse."

Niliona ni jambo la akili ya kawaida kabisa. Mkono wa kushoto haukugusa chakula. Kama una harufu ya mawese, basi yametoka kwenye beringi. Mtoto angeelewa. Lakini neno likishatoka hulirudishi, na waliokuwa pale hawakusikia akili, walisikia mke wa dereva akimwambia mgeni wa serikalini, maana kwetu kila mwenye tai alikuwa wa serikali, kwamba anuse mkono anaojisafishia chooni. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka puani. Mkaguzi aliutazama mkono wake wa kushoto kama anauona mara ya kwanza, akauficha mfukoni. Mwenyekiti akawa mwekundu wa shingo.

"Umusamehe, musiyo," alisema mume wangu, bila kunitazama. "Ni mwanamuke tu, hana masomo."

Masomo. Yeye na mimi tulisoma madrasa moja, na mimi ndiye niliyehitimu Kurani.

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa. Garanti imekataliwa kwa sababu ya mafuta yasiyoruhusiwa, na ili dosiye, yaani faili, ifungwe, dereva atie saini tamko kwamba alitumia mawese kwenye beringi. Mwenyekiti alilileta tamko nyumbani akiwa ameshalikunja vizuri, na kalamu juu yake.

"Usaini tu, ndugu yangu," alisema. "Dosiye itafungwa, wewe utabaki ku trakta yako. Na yale maneno ya bibi yako, watu watasahau."

Nilimwambia mume wangu asitie saini. Nilimwambia mbele ya mwenyekiti, kwa kuwa nilikwisha kuwa mtu asiye na adabu na sikuwa na la kupoteza zaidi. Nilisema, "Wewe ulinusa." Alitia saini kwa mwandiko mzuri sana. Wabelgiji walimfundisha kuandika jina lake kwa mikia mirefu, na mikia yote aliiweka. Nilimdharau siku ile. Sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Nilimdharau pia mwenyekiti, na yule kijana na kalamu zake, na wakala ambaye sikuwahi kumwona, lakini hao walikuwa wepesi kudharauliwa.

Wiki mbili baadaye ushirika ulimshusha. Walimwambia kwamba mtu aliyekiri kwa maandishi kuharibu mashine hawezi kuachiwa mashine, na huwezi kusema kwamba hawakuwa na hoja. Akapanda dereva mwingine, kijana mwangalifu aliyeogopa mawese kama sumu, hata mikeke alikula ya kuchoma. Ushirika ukanunua beringi mpya kwa wakala yule yule, yenye garanti yake. Ikasagika mahali pale pale kabla pamba haijafungua maua. Wakaandika barua. Wakala akawatumia nakala ya tamko la mume wangu, yenye mikia yake yote, na kusema kwamba plau ile ilikwisha kuchafuliwa na mawese na chochote kitakachotokea ndani yake kinatokana na hilo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu hakucheka. Wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha kukamua mawese, anazunguka na mti wa kinu tangu asubuhi, na nguo zake nilizifua mara mbili.

Ningeyaacha hapo. Lakini mwaka wa sabini na mbili watu wa mwambao walipouawa, nasi tulivuka ziwa na nguo tulizovaa, tukapokelewa ng'ambo, tukapewa mahali pa kulima. Huko kulikuwa na trekta iliyowalimia wakimbizi kama sisi, na plau ya sahani. Mume wangu alizungukazunguka pale siku nyingi, mikono nyuma, mpaka dereva wao akamzoea.

Siku moja niliwapelekea maji. Walikuwa wanaume wanne au watano kivulini mwa trekta, naye alikuwa akizungumza, sauti yake ile ya zamani, ya mtu wa trekta. Nilifurahi kuisikia. Nikapunguza mwendo ili aendelee.

Alikuwa akiwaambia wasijaribu kutia mawese kwenye beringi. Yeye, alisema, aliwahi kufanya kosa hilo huko Rumonge, alipokuwa dereva wa ushirika, akaua plau nzima. Mawese yanapata moto, yanakuwa mepesi kama maji, chuma kinakula chuma. Alieleza vizuri, kwa mikono, na walimsikiliza kwa heshima kama fundi mkubwa.

Hakuna mtu upande ule wa ziwa aliyeliona tamko. Hakukuwa na mwenyekiti wala wakala, na hakuna aliyemwomba akiri chochote. Angeweza kuwaambia lolote, hata ukweli.

Niliweka ndoo chini. "Hukutia mawese," nilimwambia. "Nilikuwa pale. Ulinusa mara mbili."

Wale wanaume walinitazama, kisha wakamtazama yeye. Hakukasirika. Alitabasamu, akachota maji kwa kikombe, akampa dereva kwanza.

"Huyu alikuwa jikoni siku ile," aliwaambia, na akaendelea kuwaeleza habari za grisi.