Kidimbwi cha Fundi Koki

Mtaa mzima ulimwita Fundi Koki, kwa sababu ya kazi yake ya mabomba. Mkewe alipofariki, nyuma ya nyumba yao kulikuwa bado na dimbwi lenye matete na vyura. Mwaka uliofuata likafukiwa kwa kifusi, pakajengwa ghala. Vyura wakanyamaza, na nyumba ikawa kimya mpaka masikio yanauma.

Ili vyura warudi, fundi akachimba shimo uani, akalisakafia kwa saruji, akalijaza maji ya bomba. Miezi miwili ikapita, hata mdudu hakuja. Binti yake, mwalimu wa sayansi, alipokuja likizo alilizunguka lile shimo, akacheka.

"Baba, hili ni karai kubwa tu."

"Kwani maji hayapo?"

"Yapo, lakini yana dawa, na jua linayapika tangu asubuhi. Hakuna kivuli, hakuna tope. Mwani utaota wapi? Wadudu watakula nini, na chura naye ale nini?"

"Mama yako hakuwahi kubeba tope, na vyura walikuwepo," alisema fundi.

Kesho yake wakaenda wote mtoni na ndoo.

Walimwaga tope na majani yaliyooza, wakapanda matete upande unaopigwa na jua, wakakinga maji ya mvua kulijaza. Binti akarudi kazini, mbali. Maji yakageuka kijani, kisha yakajaa viluwiluwi vya mbu. Jirani akaja juu: "Koki, unatufugia malaria!"

Fundi akachukua koleo afukie. Alipoinama, akaona kidudu cha miguu sita kikinyaka kiluwiluwi cha mbu na kukitafuna. Akaweka koleo chini.

"Nipe wiki mbili, jirani. Nakuomba."

Wiki mbili zilipoisha, mbu walikuwa wamepungua, na kereng'ende wakizunguka juu ya matete.

Mvua zilizofuata, jioni moja, kitu kikalia uani. Fundi akampigia binti yake, akainamisha simu karibu na maji.

"Ndio wale wale, baba?"

"Siyo. Wale walikuwa na sauti nzito. Mama yako akiwaita wazee wa baraza."

Binti hakukata simu. Fundi akageuza ndoo, akaikalia, wakasikiliza wote mpaka chaji ikaisha.

Wazee wenyewe hawajarudi hadi leo. Kila mvua zikikaribia, fundi hulichimba lile shimo zaidi kidogo, akalisakafia upya. Binti alimwambia huenda wanapenda maji marefu.