Kadi Arobaini na Mbili

Ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti ilikufa zamani, na Mama T alikuwa anazipanda ngazi zile akiwa ameshachoka tangu nyumbani. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikabidhiwa herufi T. Walikuwa wanne, kila mtu na herufi zake, wanatengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule.

Mtu akisikia kamusi anadhani shida iko kwenye maneno marefu. Wapi. Neno refu ni kama tajiri, lina anwani moja na geti lake, ukishalipata umemaliza. Shida ni vineno vifupi, vinazurura kila mahali kama kibarua: leo kabeba zege, kesho kachimba choo, keshokutwa yuko mlangoni kwako anauza mayai. Mzee mmoja pale alipewa neno "set". Alistaafu na presha, na hakuna aliyemuuliza imetokea wapi.

Mama T alipewa "take". Ulikuwa mwezi wake wa tisa nalo sasa.

Shuleni tuliambiwa "take" ni kuchukua, tukaandika kwenye daftari, tukaenda zetu kucheza. Kumbe tulidanganywa nusu. Dawa sisi tunakunywa, basi tunapanda, picha tunapiga, joto la mgonjwa tunapima, mtihani tunafanya, ushauri tunafuata, matusi tunavumilia. Mwingereza zote hizo anazisomba kwa neno moja, kama mtu mwenye toroli. Na hapo hujalipachikia vile vikia vya nyuma. Weka "off", nguo zinavuliwa na ndege inaruka. Weka "after", mtoto anafanana na baba yake. Weka "over", mtu kashika usukani wa mwenzake.

Kila maana ilikuwa na kadi yake. Mbele unaandika maana, nyuma unaandika sentensi ya mfano. Na sheria ya ofisi ilikuwa moja, haina mjadala: mfano hautungwi. Lazima mtu awe ameisema au ameiandika kweli, kwa Kiingereza, na chini ya kadi uonyeshe umeitoa wapi: gazetini, kitabuni, redioni au kwenye mazungumzo. Mhariri mkuu alikuwa mkali kwenye hilo kuliko kwenye mshahara wa watu. Mfuko wa shati lake haukukosa ufutio, kwa hiyo nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Futa.

Sasa nyumbani. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Kiharusi kilimpiga miaka miwili na nusu iliyopita, kikala upande wote wa kushoto na nusu ya mdomo. Akili kilimwachia nzima, na ulimi mkali pia. Mama T alikuwa anaamka kabla ya jogoo: kumgeuza, kumwosha, kumbadilisha, kumnywesha uji kijiko kwa kijiko. Mchana jirani anakaa naye. Jioni mchezo uleule unaanza upya. Mumewe ni fundi wa jenereta hospitalini, kazi ya zamu. Akiwepo anasaidia, tusimwonee. Akiwepo.

Mama T hakutaka mengi. Alitaka wiki mbili. Wiki mbili tu, mama akae kwa binti yake, ili yeye alale mpaka usingizi wenyewe umchoke. Binti alikuwepo mjini humohumo. Alikuwa msusi, ana saluni yake, ana nyumba yenye chumba cha wageni ambacho hakijawahi kuona mgeni.

"Mwezi ujao, wifi yangu," alikuwa anasema kila akiombwa. "Niache nikipake rangi kile chumba kwanza. Siwezi kumlaza mama kwenye kuta zile."

Rangi ilinunuliwa, ikapakwa ukuta mmoja, ikaanza kufubaa, kuta tatu bado zinangoja. Mwaka ukaisha.

"Mwambie wewe," Mama T alimwambia mumewe. "Ni dada yako."

"Yule ndiye aliyenilea. Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Mume akainama kufunga kamba za viatu, na kamba zile zikachukua muda kweli.

Basi ndivyo kosa lilivyoanza. Bwana Futa alitaka kadi zote za "take" mwisho wa mwezi. Kazi ya kuchambua magazeti ya Kiingereza Mama T alikuwa anaibeba nyumbani, anafungua gazeti mezani, macho yanafunga. Jioni moja alikwama kwenye maana moja, ya kitu kuhitaji watu kadhaa au nguvu fulani, na mfano hana. Akasikia mama anaita. Akaenda, akamwinua, akarudi anahema. Akachukua kalamu akaandika kwa Kiingereza chake safi cha ofisini kwamba kumwinua mama kunahitaji watu wawili. Chanzo: mazungumzo.

Ilikuwa rahisi sana. Kesho yake akaandika nyingine, mama amekataa kunywa dawa. Akaandika ya kumpima joto. Akaandika ya kumvua gauni lililolowa. Kila maana aliyoitafuta aliikuta chumbani kwa mama mkwe inamngoja. Baada ya wiki tatu alikuwa na kadi arobaini na mbili, na kwa mara ya kwanza katika miezi tisa kazi haikumuuma. Hata hakujiuliza kama amefanya kosa. Alidhani amemaliza.

Jumatano Bwana Futa akamwita.

"Kaa, Mama T."

Akakaa. Kadi zilikuwa zimepangwa mezani kwa namba, safu tano.

"Nimezisoma zote kwa mpigo," alisema Bwana Futa. "Sijawahi kusoma kadi za kamusi nikataka kujua mbele kuna nini. Hilo peke yake lilinitia shaka." Akaokota mbili. "Namba kumi na moja: kumwinua kunahitaji watu wawili. Namba kumi na saba: nilimpeleka bafuni peke yangu, mgongoni. Hizi zinapingana. Ipi ya kweli?"

"Zote mbili, mhariri. Inahitaji watu wawili. Mimi ni mmoja."

Bwana Futa akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Chanzo umeandika mazungumzo. Mama mkwe wako anaongea Kiingereza?"

"Hapana."

"Nani nyumbani kwako anaongea Kiingereza?"

"Redio."

"Mama T."

"Najua, mhariri."

"Zimekataliwa zote arobaini na mbili. Mhuri sipigi, maana zikikutwa kwenye faili na mhuri wangu nitaulizwa mimi. Zirudishe nyumbani, uniletee nyingine. Nakuongezea siku kumi." Akazikusanya, akazifunga kwa raba, akamsukumia. Mama T alikuwa ameshafika mlangoni alipomsikia tena. "Na huyu wa namba thelathini na moja, binti asiye na haraka, mwaka mzima anapaka rangi chumba. Huyu nani?"

"Wifi yangu."

"Mh," alisema Bwana Futa.

Kadi zikarudi nyumbani. Mama T alizitupa mezani sebuleni, hakuwa hata na nguvu ya kuzichana.

Jumamosi wifi akaja, kama kawaida yake, na mfuko wa machungwa na manukato yaliyomtangulia kwa hatua kumi. Mume alikuwa amelala, katoka zamu. Mama T alikuwa bafuni anamwosha mama. Wifi akakaa, akamenya chungwa, akatafuta karatasi ya kuwekea maganda, mkono ukaangukia kadi. Wifi alisoma ukarani kabla hajaingia kwenye kusuka, Kiingereza kilikuwa hakijamtoka. Alisoma moja. Akaweka chungwa chini.

Mama T alipotoka anasukuma kiti cha magurudumu, mama juu yake kafungwa taulo, alimkuta wifi kasimama katikati ya sebule na kadi mkononi.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Kazi."

"Kazi gani hii yenye mimi ndani yake?"

"Ya kamusi."

"Kamusi ya nani?"

"Ya shule."

"Shule zipi?"

"Zote."

Wifi akakaa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya jeneza. "Yaani mtoto wa watu afungue kitabu atafute neno, anikute mimi na rangi yangu."

"Jina lako halimo."

"Jina la nini? Wateja wangu wote wanaijua ile rangi. Kila anayekaa kusukwa ananiuliza, dada, chumba kimeisha? Wifi, kweli umeamua kunianika hivi? Kaifute."

"Mfano hautungwi, wifi. Ndiyo sheria yetu. Anaandikwa mtu alivyo."

"Basi badilisha."

"Mambo yakibadilika, na kadi inabadilika."

Hakusema uongo hata kidogo. Ila kulikuwa na maneno mawili ambayo angeyatamka, mambo yangeishia hapo: zimeshakataliwa zote. Alikuwa nayo ulimini. Alimtazama wifi, kucha zake nyekundu, chungwa lake nusu, akayameza. Kuyasema nako kulikuwa kazi, na kazi zilikuwa zimemtosha.

"Nisomee na mimi," alisema mama kwenye kiti, kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Wote wawili wakageuka. Walikuwa wamemsahau.

"Hakuna kitu, mama," alisema wifi. "Mambo ya ofisi."

"Mimi ndiye nimekuzaa, usinifanye mtoto. Soma."

Wifi akapekua, akaokota moja mahali popote ili yaishe. Akaisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akaitafsiri, na kila neno lilitoka na breki. "Nilimpeleka bafuni peke yangu. Mgongoni."

"Huyo anayebebwa ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Endelea."

"Imeishia hapo."

"Haikuishia hapo," alisema mama. "Aliniangusha. Mbona hilo hakuandika?"

Bomba la bafuni halikufungwa vizuri, lilikuwa linadondosha.

"Ulimwangusha?" aliuliza wifi.

Mama T hakuinua macho. "Mwezi wa tatu, kiti hiki hakijaja. Magoti yalikataa. Tulianguka wote, mimi chini, yeye juu yangu. Sikumwambia mtu, hata kaka yako. Nilidhani nimemvunja."

"Hakunivunja," alisema mama. "Tulikaa pale sakafuni kama magunia, yeye analia, mimi namwambia nyamaza utaamsha watu, na mwenyewe nusu ya maneno hayatoki."

Wifi aliendelea kuishika ile kadi kwa muda mrefu. Hasira ilikuwepo bado usoni, lakini haikujua tena imwendee nani. Akaziweka kadi mezani, akazinyoosha kingo kwa vidole viwili, akasimama.

"Nguo zake ziko wapi?"

"Za nini?"

"Wifi, usiniulize maswali, nitaghairi. Nguo, dawa, na lile godoro la hewa. Wiki mbili. Na uniandikie dawa zenyewe kwa saa. Kwa Kiswahili."

"Na chumba?"

"Atalala kwenye ukuta uliopakwa."

Mume aliamshwa, akatoka anapepesa macho. Alipoambiwa abebe, akambeba mama yake mpaka kwenye gari ya kukodi, dada kashika miguu. Ilikuwa kweli. Ilihitaji watu wawili.

Mama T aliinama dirishani kumweka mama mto nyuma ya shingo. Aibu ilikuwa imeanza kumpanda. Mwanamke mzima amemwondoa mgonjwa wake kwa kadi zilizokwisha kukataliwa.

"Wiki mbili, siyo?" aliuliza mama.

"Wiki mbili tu, mama. Usinifikirie vibaya."

"Nikufikirie vibaya kwa lipi? Na mimi nimekuchoka. Mikono yako baridi, uji wako una mabonge, na kila ukiniinua unaguna kama mtu anayehamisha kabati. Acha na mimi nipumzike."

Mama T alicheka. Ilimtoka tu, pumzi mbili, akajishika mgongo. Gari ikaondoka.

Mume alisimama naye kidogo barabarani. "Tutakula nini?" aliuliza.

"Jiko liko palepale."

Mama T aliingia ndani, akazichukua kadi zote na maganda ya chungwa, akazitia kwenye ndoo ya taka. Jumatatu ataanza upya, arobaini na mbili, kwenye magazeti. Akaenda chumbani kwa mama kutoa mashuka. Alitoa shuka moja, akakaa kwenye kitanda akitafuta pembe ya la pili. Ilikuwa saa nane mchana. Alipoamka ilikuwa Jumapili, mashuka yameshafuliwa yako kwenye kamba, na mgongo bado ulikuwa unauma.