Siku Niliyokataa Kuitika Hodi

Mjukuu wangu alisoma kompyuta chuoni mpaka akahitimu, tukachinja kuku. Alipokwenda kuomba kazi, akaambiwa kozi yake haikuwa na ithibati. Yaani chuo kilifundisha kitu ambacho wakubwa hawajakikagua wakakikubali. Cheti kikawa karatasi ya kufungia vitumbua.

Hakulia, ni damu yangu yule. Akajiandikisha mtihani mwingine, wa mafundi wa mitandao, unaotambulika nchi zote, nao unafanyiwa nyumbani mbele ya kamera. Ada ya kurudia hatukuwa nayo.

"Bibi, msimamizi yuko mbali lakini ananiona na kunisikia," akaniambia asubuhi ile. "Sauti ya mtu mwingine ikiingia humu, wananifuta."

"Hata kikohozi?"

"Hata hodi, Bibi."

Nikazima redio, nikafukuza kuku, nikatandika mkeka nje ya mlango. Nikakaa miguu nimeinyoosha, kanga kichwani kwa ajili ya jua.

Mara wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akatokea kutoka kijijini kwao Sanje na mkungu wa ndizi kichwani.

"Hodi jamani!"

Kwetu hodi haiachwi hewani. Asiyeitika ana kiburi, au ana maiti ndani. Nikaweka kidole mdomoni. Akasimama, akatazama mkeka, kanga, nyumba iliyonyamaza. Ndizi zikashuka chini, mikono ikapanda kichwani, kifua kikajaa. Namjua huyu. Akililia msiba, ng'ambo ya mto wanaacha kupika.

"Mayo—"

Kabla hajamaliza kumwita mama yake kwa kilio, nikamrukia na magoti yangu haya mabovu, nikamziba mdomo kwa kanga, nikamkokota hadi nyuma ya jiko.

"Nani?" akanong'ona, machozi tayari.

"Hakuna. Mtoto yuko kwenye mtihani."

"Mtihani ndiyo utandike mkeka wa matanga? Mchawi mkubwa wewe!"

Ndani, mjukuu wangu akaanza kuongea Kiingereza. Kwa tundu la dirisha nikamwona ameinua kompyuta, anaizungusha kumwonyesha msimamizi chumba: uvunguni, nyuma ya mlango, kwenye pembe zote. Wifi akanishika mkono, kucha zikaniingia. Tukainama ukutani kama wezi. Halafu nikasikia vidole vya mjukuu vinarudi kugonga herufi.

Alipotoka blauzi ilikuwa imelowa jasho.

"Matokeo yametoka hapo hapo. Nimefaulu, Bibi."

Wifi akanitazama. "Sasa naruhusiwa?"

"Ruksa."

Kile kilio alichokimeza kikatoka vigelegele, kwa sauti ile ile ya msiba. Jirani wa kwanza kufika alikuja mbio, kanga kajifunga kiunoni, analia, anauliza nani amekufa.